SIKIO LINA MLINZI: HISTORIA YA TUNDU DOGO NA KISU CHA MWAKA 1858

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa letu la leo ni la historia. Mada yake ni kiungo ambacho kila mwenye kuswali anakigusa kila anapotawadha, lakini wachache wetu tumewahi kukaa tukafikiri kimeumbwaje. Kiungo hicho ni sikio. Tena si sikio lote, bali sikio la nje tu: lile kombe unaloliona ubavuni mwa kichwa pamoja na tundu lake, mpaka kwenye ngozi nyembamba ya ndani inayoitwa ngoma ya sikio. Hapo ndipo tutakapoishia leo.

Sababu ya kulichagua ni hii. Mkoa wetu ni wa pamba, dengu na choroko. Kila dengu zinapoanikwa uani, watoto huzichezea, na mtoto hana anachokiona kidogo asikitie puani au sikioni. Kisha mzazi anakuja msikitini: "Shekhe, mtoto ana punje sikioni, msomee." Kusoma tunasoma, na Qur'ani ni shifaa. Lakini kabla sijasoma huwa namuuliza mzazi swali moja: "Umeshamchokonoa?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Kwa njiti ya kiberiti, kwa pini ya nywele, kwa unyoya wa kuku. Punje iliyokuwa mlangoni imesukumwa mpaka ndani, na damu inatoka.

Basi soma darsa hili mpaka mwisho, ndugu yangu, kisha umsomee na mkeo, au umsomee mumeo.

1. KIUNGO KILIVYO

Shika sikio lako sasa hivi. Sehemu ya chini iliyo laini ni ndewe. Ndiyo ile ya msemo wetu wa "sisikii ndewe wala sikio". Ndewe ni ngozi, mafuta na nyama laini, haina kitu kigumu ndani, ndiyo maana ukiitoboa hupona haraka. Ndiyo maana pia jirani zetu Wataturu wa Meatu na Wamasai waliweza tangu zamani kuivuta na kuipanua kwa mapambo pasipo madhara makubwa.

Juu ya ndewe kuna kitu kigumu kinachopindika kisha kikarudi. Hilo ni gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na ngozi nyembamba iliyolifunika. Kwa hiyo wewe binti unayetoboa sikio juu kabisa kwa kufuata mtindo, jua kwamba kidonda cha pale si kama cha kwenye ndewe. Kikiingia usaha, gegedu hufa na sikio hukunjamana, na halirudi kama lilivyokuwa.

Halafu kuna tundu. Kwa mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na halikunyooka, limepinda kidogo. Theluthi yake ya nje ni gegedu lenye vinyweleo na tezi zinazotoa ile nta tunayoiita uchafu wa masikio. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa ngozi nyembamba sana, ambayo ukiigusa tu inauma. Mwisho wa njia ndipo ilipo ngoma.

Kazi ya kombe ni kukusanya sauti. Mikunjo yake hutusaidia kujua kama sauti inatoka mbele au nyuma, juu au chini. Kuhusu kulia na kushoto, hapo tunahitaji masikio mawili: sauti hulifikia sikio moja kabla ya jingine na kwa nguvu tofauti. Mwanasayansi wa Uingereza Lord Rayleigh alilieleza hilo kwa kina mwaka 1907. Tundu nalo si njia tupu. Hewa iliyomo ndani huitikia kama hewa ya ndani ya filimbi, ikazikuza zaidi sauti za mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde, na huko ndiko zilipo sauti nyingi zinazotuwezesha kupambanua herufi na herufi katika maneno ya watu. Ametakasika Aliyeumba akapima.

2. NG'OMBE WA HERENI NA KITABU CHA MINHAJI

Sasa twende kwenye historia, na tuanzie nyumbani. Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa hapa kwetu Bariadi, na ng'ombe wakaanza kuvishwa hereni za utambuzi. Wengine waliuliza kama jambo hilo linafaa kisheria. Jibu lipo katika Sahihi ya Bukhari: Anas bin Malik (r.a.) alimkuta Mtume (s.a.w.) akiwatia alama kondoo, na mpokezi akataja kuwa ilikuwa masikioni. Kilicholaumiwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, ni kukata masikio ya wanyama kwa ajili ya ushirikina. Na kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni kwamba mnyama aliyetobolewa sikio tu, bila kipande kukatwa kikaondoka, anafaa kuchinjwa Idi.

Lakini mfugaji mwenyewe anajua jambo jingine: ng'ombe aliyetobolewa sikio hasikii pungufu. Ukimwita, anageuka. Maana yake kombe si kusikia kwenyewe, kombe ni mlango.

Hili mafakihi wetu walilipambanua zamani sana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 huko Sham, aliandika kitabu cha Minhaji, ambacho mashekhe wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Katika mlango wa dia, yaani fidia ya kuumiza mtu, amesema kuwa mwenye kuondoa masikio ya mtu na kusikia kwake pamoja, analipa dia mbili kamili. Kwa nini mbili, na pigo lilikuwa moja? Wafafanuzi wakasema: kwa sababu mahali pa kusikia si kwenye lile kombe. Kombe lina haki yake, na kusikia kuna haki yake.

Tazama tena. Mtu akidai kuwa amepigwa na hasikii, kadhi atajuaje? Minhaji inaelekeza apigiwe ukelele akiwa usingizini au ameghafilika: akishtuka, basi si mkweli. Na mwenye kudai kuwa sikio moja limepungua, sikio hilo huzibwa, ukapimwa umbali ambao sikio zima linafika kusikia. Kisha huzibwa zima, likapimwa lile lenye kasoro. Tofauti ndiyo fidia. Hakukuwa na mashine wala umeme, lakini mantiki ya kupima kila sikio peke yake ndiyo hiyohiyo inayotumika hospitalini leo.

3. SIKIO NI LA USO AU LA KICHWA?

Wanavyuoni wa mwanzo walijadili pia sikio ni la upande gani, ili wajue namna ya kulitawadha. Az-Zuhri alisema ni sehemu ya uso, lioshwe pamoja na uso. Ash-Sha'bi akasema mbele yake ni ya uso na nyuma yake ni ya kichwa. Wengi wakasema ni sehemu ya kichwa, hupakwa maji pamoja nacho. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, akasema ni kiungo kinachojitegemea, kipakwe kwa maji mapya. Waswahili husema sikio halizidi kichwa, lakini kwa Imamu Shafi lina heshima yake peke yake.

Mwaka 1885 daktari mmoja wa Ulaya, Wilhelm His, alieleza namna sikio la nje linavyoanza tumboni mwa mama. Kwenye wiki ya sita hivi ya mimba hutokea vivimbe sita vidogo, vitatu upande wa sehemu inayofanya taya na vitatu upande wa sehemu iliyo nyuma yake, chini karibu na shingo. Kisha huungana, na sikio hupanda taratibu mpaka mahali unapoliona. Mimi sisemi kwamba fakihi fulani alikuwa anazungumzia mimba. Fiqhi ina dalili zake na tiba ina dalili zake. Nasema tu kwamba kiungo hiki ni cha mpakani, na aliyekitazama vizuri aliuona ugumu wa kukipanga.

4. GHAZALI NA YALE MAJI MACHUNGU

Sasa tufike kwa mlinzi niliyemtaja katika kichwa cha darsa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, kwamba tundu la sikio limepindishwa ili njia iwe ndefu, baridi na joto visiingie ghafla. Baada yake akaja Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya, kwenye mlango wa kutafakari, anamwambia msomaji auangalie mwili wake, na anapofika kwenye sikio anataja mambo matatu. La kwanza, Mwenyezi Mungu ameweka ndani yake maji machungu ya kuhifadhi usikivu na kufukuza wadudu. La pili, ameliwekea kombe la kukusanya sauti, na pia la kumfanya mtu ahisi mdudu anapotambaa. La tatu, amelitia mikunjo na mipindo ili safari ya mdudu iwe ndefu, mwenye sikio aamke kabla hajafika mbali.

Ndugu yangu, hayo maji machungu ndiyo hiyo nta unayoipiga vita kwa kijiti! Madaktari wa leo wanasema ina asidi kidogo, hunasa vumbi, huizuia ngozi isinyonye maji, na huwazuia vijidudu wasistawi. Tena inajitoa yenyewe. Ngozi ya ndani ya tundu huota kuelekea nje, polepole kama ukucha, ikiibeba nta mpaka mlangoni, na kutafuna chakula kunaisaidia kusogea. Ukiifuata kwa kijiti, nusu unaitoa na nusu unaisukuma mpaka kwenye ngoma, ambako haikuwa. Huko inakauka na kuwa jiwe.

5. DENGU ZA QURTUBA

Zama za Ibn Sina, huko Qurtuba ya Andalusi, Hispania ya leo, aliishi tabibu Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake At-Tasrif kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, imechorwa vifaa vyake. Karne ya 12 ilitafsiriwa kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakaitumia kwa mamia ya miaka.

Ndani yake kuna mlango mahsusi wa vitu vinavyoingia sikioni, na amevigawa mafungu manne: mawe na vitu kama chuma na kioo; mbegu kama dengu na maharage; vitu vya majimaji; na wadudu. Dengu, ndugu zangu! Kumbe mtoto wa Andalusi miaka elfu moja iliyopita alifanya vilevile anavyofanya mtoto wa Bariadi. Na Az-Zahrawi aliona kuwa mbegu zina taabu yake, kwa sababu zinavimba kwa unyevu wa sikio.

Mpango wake ni wa mtu mwenye subira. Kwanza matone ya mafuta. Kisha kumpigisha mgonjwa chafya huku pua imebanwa. Kisha kibano chembamba au kulabu butu, kwa ulaini. Kisha kuvuta kwa mrija. Kisu kinakuja mwisho wa yote, mkononi mwa tabibu tu.

6. USIKU ULE KISIWANI, MACHI 1858

Liweke hilo akilini, kisha nikupeleke Ziwa Tanganyika, miaka zaidi ya 800 baadaye. Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walikuwa wamefika Ujiji Februari 1858 kwa njia ya misafara. Mwezi wa Machi, Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kumtafuta mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, ili akodi jahazi. Njiani alilala kisiwa cha Kivira. Usiku kukaja tufani, hema likatikiswa. Upepo ulipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake, na mwanga ukaita mende wadogo weusi kwa makundi. Akachoka kuwapangusa, akalala nao wakimtambalia.

Mmoja akaingia sikioni, na Speke akaamka mdudu yuko ndani anakwangua. Mwenyewe ameandika yaliyofuata. Alitafuta mafuta, tumbaku na chumvi, hakupata hata kimoja. Akayeyusha siagi akaimimina, haikusaidia. Ndipo akachukua ncha ya kisu kidogo, akamchoma mdudu mgongoni.

Mdudu alinyamaza, lakini kisu kilikuwa kimelijeruhi sikio. Likavimba, likatoa usaha, uso ukavutwa upande, na majipu yakapanga mstari mpaka begani. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi. Jeraha likala mpaka likafungua njia kati ya sikio na pua: akipenga kamasi, sikio linapiga mluzi, watu wakacheka. Na miezi sita au saba baada ya siku ile, mguu wa mdudu, bawa, vipande vya mwili, vilikuwa bado vinatoka kidogokidogo pamoja na nta.

Hesabu miezi, msomaji. Julai 1858 Speke aliondoka Kazeh, Tabora ya leo, pamoja na kiongozi wake Sidi Mubarak Bombay, akashika njia ya kaskazini mpaka Usukuma. Mwanzoni mwa Agosti alisimama juu ya kilima cha Mwanza akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza tangu enzi. Vitabu vya shule vinatusimulia kuhusu macho yake siku ile. Sikio lake lilikuwa bado linatoa vipande vya mende.

Simcheki. Alikuwa peke yake, ana maumivu, hana tabibu. Lakini zingatia mambo mawili. La kwanza, aliyemwumiza sana si mende, ni kisu. La pili, ni nini kilichokuwa kinavitoa vile vipande, mwezi baada ya mwezi, katika sikio lililochomwa? Ni ile nta. Mlinzi aliyejeruhiwa naye aliendelea na kazi yake.

7. BASI TUFANYE NINI?

Elimu isiyo na matendo ni mzigo. Shika haya:

• Nta iache. Osha kombe kwa nje. Katika udhu, ncha ya kidole cha shahada huingia mlangoni mwa tundu tu na kidole gumba hupita nyuma, kama ilivyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuhusu udhu wa Mtume (s.a.w.). Sunna ni kupaka maji, haikusema kuchimba kwa ukucha.

• Pamba ni neema ya mkoa wetu, lakini mahali pake si ndani ya sikio. Hata vile vijiti vya pamba vya dukani ni vya kusafisha kombe kwa nje.

• Mdudu akiingia, mlaze mtu upande, sikio lenye mdudu likiwa juu. Tia matone ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu wa mwili ili mdudu afe, kisha nenda zahanati akatolewe. Usitie chochote kama sikio linatoa usaha, au kama ngoma iliwahi kutoboka.

• Dengu, choroko au harage: usitie maji, zitavimba. Usichokonoe. Mpeleke mtoto siku hiyohiyo.

• Betri ndogo ya saa au ya kidude cha kuchezea: usitie kitu chochote, usingoje asubuhi. Inaunguza ngozi ndani ya saa chache.

• Sikio linalotoa usaha halitibiwi kwa mkojo, maziwa ya mama, mafuta ya taa wala maji ya majani. Nenda hospitali.

• Mzee akianza kuwa mzito wa kusikia, msimzoee mkasema ni uzee. Apelekwe kupimwa. Huenda ni nta tu iliyoganda, ikatolewa kwa muda mfupi akarudi kuisikia adhana. Wazee wangapi wamekaa kimya vikaoni, wajukuu wanadhani babu kanuna, kumbe mlango umezibwa?

8. MLANGO UNAFUNGWA NA MWENYEWE

Surat Nuh inatueleza kwamba watu wa Nabii Nuhu (a.s.) walipoitwa walitia vidole masikioni. Hawakuwa viziwi. Mlango ulikuwa mzima, na mlinzi alikuwapo, lakini wenye nyumba walijifungia wenyewe. Na Bilal (r.a.) amepokewa kuwa alitia vidole masikioni alipoadhini, ili awaite watu. Vidole ni vilevile na masikio ni yaleyale. Mmoja alitaka haki ifike mbali, wengine walitaka isiwafikie.

Na Surat Al-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa kusikia, kuona na moyo, vyote vitaulizwa. Mafakihi walisema kusikia kwa mtu kuna dia kamili, yaani ngamia 100. Sasa wewe mzazi, unashikaje njiti ya kiberiti ukaitia kwenye kitu cha thamani hiyo, tena si chako, ni cha mwanao? Sikio la mtoto ni amana mkononi mwako. Wasema wazee: sikio la kufa halisikii dawa. Letu bado liko hai, tulitumie.

Ewe Mola, tuhifadhie usikivu wetu na uoni wetu maadamu tu hai. Waponye watoto wetu na wazee wetu. Tujaalie tuwe katika wanaosikia neno wakafuata lililo bora. Amin.

Umfikishie na mwenzio darsa hili, hasa mwenye watoto wadogo. Mwenye swali aulize, tutajibu kwa kadiri tunavyojua.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.